Kubadilisha plagi za pikapu ya petroli mwenyewe, hatua kwa hatua

Pikapu ya petroli iliyochoka plagi haijifichi. Asubuhi unapiga stata mara mbili tatu ndipo iwake. Ikiwa tupu inakwenda, lakini ukishapakia magunia ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, ukaanza kupandisha kuelekea Isamilo, inashtukashtuka na nguvu zinaisha katikati ya mlima. Petroli uliyozoea kwenda nayo Magu na kurudi sasa inakuishia njiani. Mafundi wanasema gari linamisi, yaani kuna silinda inayopata mafuta na hewa lakini haipati cheche ya plagi ya kuviwasha, au inaipata kwa kubahatisha.

Mlima una sababu yake. Ukikanyaga mafuta gari likiwa na mzigo, hewa inayoingia kwenye silinda ni nyingi na inabanwa zaidi, na cheche huhitaji umeme mkali zaidi ili iruke kwenye hewa iliyobanwa. Plagi iliyolika inaweza kuchoma vizuri kwenye tambarare ya Buzuruga halafu ikashindwa mlimani. Ndiyo maana dereva anayezunguka mjini bila mzigo anaweza kukaa na plagi mbovu miezi mingi asijue.

Kazi ya kuzibadilisha unaiweza. Kwa injini ya silinda nne, anayefanya mara ya kwanza atenge asubuhi moja bila haraka. Ila shika jambo moja tangu mwanzo: plagi ni kitu cha bei ndogo, hedi ya injini si kitu cha bei ndogo. Hedi za injini hizi ni za aluminiamu, metali laini, na nyuzi ambamo plagi inajifunga zimechongwa humo humo. Plagi ni ya chuma kigumu. Vikigombana, zinazoharibika ni nyuzi za hedi. Karibu kila tahadhari utakayoisoma hapa ni ya kuzilinda nyuzi hizo, kwa hiyo nitakaposema tumia vidole, usichukue spana.

Je, gari lako lina plagi?

Uliza swali hili kabla ya kutoa hela. Pikapu nyingi za mizigo huku Kanda ya Ziwa ni za dizeli, na dizeli haiwashwi kwa cheche. Injini inaibana hewa mpaka ipate joto la kuyawasha mafuta yenyewe. Hilux yenye injini ya 2L, 3L, 5L au 1KD haina plagi za cheche. Ina hita plagi, zile za kupasha joto wakati wa kuwasha, na hizo zina utaratibu wake mwingine kabisa.

Mwongozo huu ni wa petroli: kwa Toyota, injini kama 22R, 4Y, 2RZ, 3RZ-FE, 1TR-FE na 2TR-FE. Zote hizo ni silinda nne mstari mmoja, na namba moja ni ile ya mbele kabisa, upande wa feni. Nissan nyingi za zamani zenye injini ya Z24 zina plagi nane, mbili kila silinda, nne kila upande wa hedi. Mwenye hiyo akinunua nne atarudi dukani siku hiyo hiyo.

Dukani

Mazungumzo ya kawaida kwenye duka la spea ni haya:

"Kaka, naomba plagi za Hilux."

"Ya injini gani?"

"Ya petroli tu."

Ukijibu hivyo utapewa chochote kinachoingia, na kuingia peke yake hakutoshi. Plagi inaweza kukubali nyuzi lakini ikawa ndefu kuliko inavyotakiwa, ikagongwa na pistoni. Ikiwa fupi, nyuzi za hedi zilizobaki wazi chini yake zinajaa masizi, na siku ukirudisha ya urefu sahihi itakwama njiani.

Fungua boneti, tafuta kibati cha utambulisho kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini. Kwenye Toyota nyingi kimeandikwa aina ya injini na ukubwa wake, kwa mfano 3RZ-FE na 2693 cc. Piga picha kwa simu. Kisha angalia kitabu cha gari kinataka plagi ya namba gani. Kama kitabu hakipo, chomoa plagi moja uende nayo, lakini usiiamini moja kwa moja: aliyeiweka anaweza kuwa alichukua iliyokuwepo dukani siku ile.

Herufi na namba zilizoandikwa kwenye plagi zina maana, na ukizijua hakuna wa kukupa ya kubahatisha. Chukua NGK BPR6ES-11. B ni nyuzi za upana wa milimita 14. P inasema ncha ya kauri imechomoza nje. R ni kwamba ndani kuna kizuizi cha umeme, ambacho huzuia cheche zisisumbue redio na kompyuta ya gari. E ni urefu wa nyuzi, milimita 19. Namba 11 ya mwisho ni gepu, yaani nafasi ambayo cheche inairuka, la milimita 1.1. Hiyo 6 ya katikati ni kiwango cha joto, na hapa watu wengi huchanganya. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi, yaani inaliondoa joto kwenye ncha yake haraka zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume chake. Tena NGK na Denso hawatumii hesabu moja: 6 ya NGK inakaribiana na 20 ya Denso, na 5 inakaribiana na 16. Fuata kiwango cha kitabu. Plagi ya moto kupita kiasi inaweza kuwasha mafuta kabla ya wakati wake na kutoboa pistoni. Ya baridi kupita kiasi inajaa masizi.

Halafu kuna za kawaida, zenye ncha ya nikeli, na kuna za iridiamu. Za kawaida hubadilishwa kila kilomita 20,000 hadi 30,000. Za iridiamu zilizotengenezwa kwa maisha marefu hufika karibu kilomita 100,000. Ushauri wangu: kama gari limetoka kiwandani na iridiamu, rudishia iridiamu. Kama ni injini ya kabureta iliyozoea za kawaida, weka za kawaida mpya, hela inayobaki nunua ea klina.

Plagi za bandia zipo, hasa za majina makubwa ya Kijapani. Kuna Tume ya Ushindani inayoshughulika na bidhaa bandia nchini, lakini pale kaunta mkaguzi ni wewe. Itoe kwenye boksi. Maandishi kwenye kauri yawe yamenyooka na hayafutiki kwa kidole chenye mate. Ncha ya katikati isimame katikati kweli, na kidole cha chuma kilichopinda kikae juu yake sawasawa. Washa ya chini, yaani ile ringi ya chuma, izunguke bila kudondoka. Kwenye iridiamu halisi ncha ni nyembamba mno, kati ya milimita 0.4 na 0.7 kutegemea aina. Ukiona nene, hiyo ni ya kawaida iliyoandikwa jina la kupandishia bei. Kipimo kinachofichua zaidi ni mita ya umeme, ile ya mkononi ya mafundi. Weka ncha moja ya mita juu ya plagi, nyingine kwenye ncha ya katikati upande wa chini, ukiwa umegusa taratibu. Plagi yenye R inatakiwa kusoma omu elfu kadhaa, karibu elfu tano. Ikisoma sifuri, kizuizi hakimo ndani, na hiyo R ni mapambo. Muuzaji wa haki hatakukatalia kupima.

Vifaa

Soketi ya plagi ndiyo ya lazima, ile yenye mpira au sumaku ndani inayoishika plagi isidondoke. Injini za zamani kama 22R na 4Y zinatumia soketi ya milimita 21, nyingi za baadaye ni 16. Racheti, mkono wa kurefushia, na spana au soketi namba 10 kwa boliti za koili, zile za kuzalisha umeme wa cheche. Fila geji ya kupimia gepu. Kitambaa safi, tochi, miwani ya kukinga macho. Kama unaweza kuazima toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, azima. Kama huna, nitaeleza namna ya kukaza bila hiyo. Tafuta pia kipande cha mpira wa petroli cha sentimita 25 hivi, ambacho kichwa cha plagi kinaingia kwa kubana. Mpira huo una kazi kubwa baadaye.

Injini ipoe kabisa

Hii si kwa ajili ya vidole vyako tu. Plagi ikichomolewa kwenye hedi yenye moto inaweza kutoka na vipande vya aluminiamu vilivyong'ang'ania nyuzi zake. Fanya asubuhi kabla gari halijawashwa. Lipaki mahali tambarare, vuta hendi breki, chomoa funguo. Ukiweza, fungua terminali hasi ya betri.

Ondoa kilicho juu

Kwenye baadhi ya injini bomba la hewa linalotoka kwenye ea klina linapita juu ya hedi, kwa hiyo lifungue kwanza. Ziba mdomo ulioachwa wazi kwa kitambaa safi ili nati au kichanga kisitumbukie humo.

Injini yenye distributa, kile kigawanyio cha umeme wa cheche, ina waya nne za plagi, na kila waya una silinda yake. Utaratibu wa kuchoma kwa injini za Toyota nilizozitaja ni 1-3-4-2, na ukichanganya waya mbili gari litapiga risasi kwenye kabureta au halitawaka kabisa. Njia isiyo na makosa ni kumaliza silinda moja yote, kuchomoa na kurudishia, ndipo ugeukie nyingine. Ukitaka kuzichomoa zote kwa pamoja, funga kila waya kipande cha utepe wenye namba. Shika kofia ya mpira, izungushe kidogo kulia na kushoto, ndipo uvute. Usivute waya wenyewe. Unakatika kwa ndani na kwa nje unaonekana mzima.

Injini yenye koili juu ya kila plagi, kama 2TR-FE, ni nyepesi zaidi. Bonyeza kishikio cha soketi ya umeme uitoe, fungua boliti moja ya namba 10, zungusha koili kidogo, ivute juu moja kwa moja. Vishikio hivyo ni vya plastiki, na kwenye gari lililokaa na joto la injini miaka mingi vinavunjika kwa kubonyezwa kwa hasira.

Toa mchanga kabla ya kutoa plagi

Hatua hii mafundi wengi wenye haraka huiruka, na mazingira yetu hayaruhusu. Gari linaloshinda ufukweni kwenye vichanja vya dagaa, au linalokwenda Ngudu na Sumve kwenye barabara za vumbi, lina mchanga kwenye mashimo ya plagi. Plagi ikitoka, mchanga huo unaporomoka ndani ya silinda, na unakwaruza ukuta wake kila pistoni inapopanda.

Vaa miwani. Piga hewa ya kompresa kwenye kila shimo. Kama huna kompresa, sogeza gari kwa mjaza upepo jioni ya kuamkia kazi ukapulize hapo. Au tumia pampu ya baiskeli iliyofungwa mpira mwembamba unaofika chini ya shimo. Kisha legeza plagi nusu mzunguko tu, upulize tena, maana kuna mchanga unaokaa chini ya ukingo wa plagi ambao hautoki mpaka plagi isogee. Hapo ndipo uifungue yote.

Ukikuta oili shimoni, isiingie ndani. Ifyonze kwa kitambaa kilichozungushiwa bisibisi kabla ya kulegeza. Oili hiyo inatoka juu, kwenye sili za tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya hedi, zinazozunguka mashimo ya plagi. Zimekauka na zinahitaji kubadilishwa. Ukiziacha, oili italainisha mpira wa koili au wa waya mpaka umeme uanze kutorokea pembeni, na utarudi kwenye kumisi ukiwa na plagi mpya.

Kuzifungua

Ingiza soketi mpaka ikae kabisa, imesimama wima. Soketi iliyolala upande inapasua kauri. Fungua kwa nguvu ya polepole, isiyo ya kushtukiza. Ikishalegea, iache itoke kwa vidole.

Plagi ikianza kufunguka halafu ikagoma, usiilazimishe. Irudishe ndani kidogo, dondoshea mafuta mepesi ya kulegezea kutu, subiri, kisha nenda robo mzunguko nje, robo ndani. Ikikataa kabisa kwenye injini ya baridi, rudishia vyote, washa injini ipate uvuguvugu tu, zima, ujaribu tena. Plagi iliyokatikia ndani au iliyotoka na nyuzi ni kazi ya fundi kerezo, atachonga na kuweka bushi ya nyuzi mpya.

Zisome kabla ya kuzitupa

Zipange juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda, moja hadi nne. Watu wengi wanazitupa papo hapo, na wanatupa taarifa ya bure kuhusu injini yao.

Ncha ya kahawia hafifu au ya kijivu ni ya injini yenye afya. Nyeusi na kavu, masizi yanayofutika kwa kidole, ina maana mafuta ni mengi kuliko hewa: angalia ea klina, angalia kabureta. Inaweza pia kuwa gari linaunguruma muda mrefu likiwa limesimama. Ncha ya plagi hujisafisha masizi ikifika kama nyuzijoto 450 hivi, na gari linaloachwa likiwaka wakati wa kupakia halifiki huko. Nyeusi na yenye unyevu wa oili ni habari nzito: oili inapanda kwenye ringi za pistoni au inashuka kwenye sili za valvu. Nyeupe kama chokaa, yenye viputo au ncha iliyoyeyuka, ni joto la kupita kiasi. Chunguza maji ya rejeta, kiwango cha joto cha plagi, na kama kuna hewa ya ziada inayovuja kuingia. Iliyolowa petroli silinda yake haikupata cheche.

Linganisha zote nne. Zikifanana, tatizo ni la injini nzima; ikitofautiana moja, ni la silinda hiyo. Mfano mmoja niliouona kwa macho: plagi za Hilux inayobeba samaki, tatu za kahawia, ya namba tatu ina ukoko mweusi unaong'aa, mnene kiasi cha kuziba nafasi kati ya kauri na chuma, na nyuzi zake zimelowa oili mpaka juu. Mwenye gari alikuwa ameshabadilishiwa plagi mara kadhaa, kila mara linapona kwa wiki chache. Alichohitaji ni kupima kompresheni, yaani mgandamizo, ya silinda ile moja, na plagi yenyewe ilikuwa inamwambia hivyo kila ilipotolewa.

Kuhusu kuzisafisha na kuzirudisha: wavuvi wanaotumia injini za boti za mipigo miwili, zile zinazochanganyiwa oili kwenye petroli, huzichomoa plagi na kuzikausha mara kwa mara, na kwao kuna mantiki kwa sababu zinalowa upesi. Kwa pikapu, plagi ya kawaida iliyoingia masizi unaweza kuisafisha ikufikishe nyumbani. Ya iridiamu usiiguse na brashi ya waya wala msasa; ncha yake ni nyembamba na inavunjika. Brashi ya waya pia inaacha michirizi ya chuma kwenye kauri, na umeme unapita humo badala ya kuruka.

Pima gepu

Hata plagi mpya ipimwe, maana boksi linaweza kuwa limeanguka njiani kutoka Dar es Salaam. Injini nyingi za zamani zinataka milimita 0.8, nyingi za baadaye 1.1; namba ya kitabu ndiyo ya kufuata. Fila geji ipite kwa kugusa kidogo pande zote mbili. Kwa plagi ya kawaida, pinda kile kidole cha chuma tu, taratibu, bila kuigemea ncha ya katikati. Kwa iridiamu, kama gepu liko sawa usifanye chochote. Kama limeharibika sana, irudishe dukani.

Plagi iliyodondoka kwenye sakafu ya saruji usiiweke. Kauri inaweza kuwa na ufa usiouona.

Kufunga

Vuta pumzi, hapa ndipo penyewe. Chomeka kichwa cha plagi kwenye kile kipande cha mpira wa petroli, ishushe shimoni mpaka iguse nyuzi. Shika mpira kwa vidole viwili. Kwanza zungusha kinyume, kushoto, mpaka usikie kwa vidole mguso mdogo wa plagi kushuka kidogo. Ni mwanzo wa uzi umekutana na mwanzo wa uzi. Sasa zungusha kulia. Ikiwa imekaa sawa itashuka mizunguko kadhaa kwa wepesi, bila kukwaruza. Ikiwa imekaa upande, mpira utateleza juu ya kichwa cha plagi na kugoma kuisukuma. Hiyo ndiyo faida yake: hauna nguvu ya kuharibu uzi, wakati racheti ina nguvu hiyo na haikwambii kitu. Ikigoma, itoe yote, angalia nyuzi, safisha, anza upya.

Usipake grisi wala mafuta kwenye nyuzi. Plagi za siku hizi zimepakwa madini ya kuzuia kutu kiwandani, na mafuta yanafanya ukaze kupita kiasi bila kujua.

Ikishakaa kwa vidole na huwezi kuendelea, weka soketi. Mwenye toki renchi afuate kitabu. Kwa nyuzi za milimita 14 kwenye aluminiamu watengenezaji wa plagi hutaja nyutoni mita 25 hadi 30, na baadhi ya injini za Toyota zinataka chini ya hapo, hivyo neno la kitabu cha injini ndilo la mwisho. Asiye nayo akaze kwa pembe: plagi mpya yenye washa, nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko baada ya kugusa. Utasikia washa ikilala, ulaini mfupi kisha ugumu. Plagi iliyowahi kutumika washa yake imeshalala, kwa hiyo inatosha sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko, yaani mwendo wa mshale wa saa kutoka kumi na mbili kwenda moja. Usiongeze kidogo "kwa usalama". Lakini isibaki imelegea pia, kwa sababu plagi hupoza joto lake kupitia hedi, na iliyolegea inaungua.

Rudisha koili au waya. Kofia ya waya isukume mpaka isikike ikibana. Boliti za koili zinaingia kwenye aluminiamu pia, zikaze kwa mkono mwepesi. Rudisha soketi za umeme, bomba la hewa, terminali ya betri. Hesabu vitambaa ulivyotumia.

Washa usikilize

Iache iwake bila kukanyaga mafuta dakika kadhaa. Mngurumo uwe mmoja, usiodunda. Ukisikia mlio wa chu-chu-chu unaofuata mwendo wa injini, kuna plagi imelegea na inavujisha mgandamizo. Zima, subiri ipoe, rudi kwenye ile silinda.

Taa ya cheki injini ikimulika kwa kuwakawaka, usiendelee kuendesha. Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye kisafisha moshi na kukiharibu.

Kisha ipeleke barabarani ikiwa na mzigo, maana bila mzigo hujapima. Njia ya Mkolani, Buhongwa hadi Usagara ina sehemu za kupanda na sehemu za kunyooka, na ukitaka zaidi kata kulia uvuke Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo, lililofunguliwa Juni 2025. Kanyaga mafuta kwa nguvu ukiwa gia ya juu kwenye mwinuko. Pale ndipo ilipokuwa inashtuka.

Ikiendelea kumisi

Plagi mpya, gepu sahihi, bado inamisi. Usinunue seti nyingine. Kwa injini yenye koili nne, mashine ya kusoma kompyuta ya gari itakuonyesha namba kama P0303, ambapo tarakimu ya mwisho ni silinda: hapa ni ya tatu. Hamisha koili ya tatu uiweke ya kwanza, na ya kwanza uiweke ya tatu, futa namba, endesha. Ikigeuka P0301, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0303, hamisha plagi kwa namna hiyo hiyo. Ikikataa kuhama na plagi pia, geukia nozeli ya petroli ya silinda hiyo, na baada yake kompresheni.

Kwa gari la distributa, subiri giza, fungua boneti injini ikiwaka, usiguse chochote, uangalie tu. Waya unaovujisha umeme utauona ukitoa cheche za bluu kuelekea kwenye chuma cha karibu, na msimu wa mvua zinaonekana zaidi kwa sababu ya unyevu. Zikionekana, badilisha waya zote nne kwa pamoja, na fungua kofia ya distributa uangalie kama ndani ina nyufa au miguu iliyolika. Andika kilomita za siku hiyo kwenye kipande cha utepe ukibandike chini ya boneti, pamoja na namba ya plagi ulizoweka.